Mawe ya Kanzenze na Nyumba Zinazohifadhi Mazingira

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha katika wilaya za magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Kulipopambazuka, zaidi ya watu 130 walikuwa wamepoteza maisha yao na maelfu ya nyumba zilikuwa zimebomoka. Katika Wilaya ya Rubavu, Mto Sebeya ulifurika na kuyafunika makazi yaliyo kandokando yake. Si wote waliokufa waliochukuliwa na mto. Wapo walioangukiwa na kuta za nyumba zao wenyewe wakiwa wamelala, na wapo waliofukiwa na udongo wa vilima vilivyoporomoka.

Maafa ya aina hiyo yanalifanya suala la ujenzi wa nyumba kuwa suala la uhai. Ni muhimu kulieleza jambo hili, kwa sababu katika miaka ya karibuni kumezuka usemi wa “ujenzi wa kijani”, na wapo wanaodhani kwamba usemi huo unahusu maghorofa ya vioo ya mijini na matajiri wanaotaka kupunguza gharama za umeme. Dhana hiyo ni potofu. Jengo la kijani ni lile lililojengwa kwa vifaa visivyoangamiza misitu wala kumaliza mali ya asili, linalotumia mwanga wa jua na upepo kabla ya kutumia umeme, linaloyatunza maji yanayoliangukia, na linalodumu. Kwa kipimo hicho, kibanda cha mkulima kinaweza kuwa cha kijani kuliko jumba la kifahari. Mji wa Kigali una hali ya hewa ya wastani mwaka mzima, hata hivyo yamejengwa humo majengo ya vioo vitupu ambayo hugeuka tanuri jua linapowaka, kisha huhitaji mitambo ya kupoza hewa. Hasara ya namna hiyo imetengenezwa na mchoraji wa ramani, haikuletwa na jua.

Serikali ya Rwanda iliutambua umuhimu wa jambo hilo pale ilipotoa, mwaka 2019, masharti ya chini ya ujenzi wa kijani katika kanuni zake za majengo. Masharti hayo yanagusa matumizi ya nishati, matumizi ya maji, usafi wa hewa ndani ya jengo na vifaa vya kujengea. Walengwa wake hasa ni majengo makubwa. Nyumba za wananchi wa kawaida vijijini, ambazo ndizo nyingi, hazijengwi kwa kusoma masharti hayo. Hujengwa kwa mazoea, kwa uwezo wa mfuko, na kwa kutazama jirani amejenga nini.

Mfano mzuri wa kulitazamia jambo hili ni tarafa ya Kanzenze, iliyoko katika nyanda za juu za wilaya hiyo hiyo ya Rubavu, mashariki ya mji wa Gisenyi. Huko ni nchi ya volkeno. Milima ya Virunga, ambayo Karisimbi wenye urefu wa mita 4,507 ndio mrefu kuliko yote, ilimwaga zamani moto ulioyeyuka, ukapoa na kuwa mawe meusi yenye vitundu. Udongo uliotokana na mawe hayo una rutuba nyingi. Lakini mawe yenyewe, kwa mkulima, ni adui wa jembe. Katika nchi hizo za volkeno wananchi huyaokota kila msimu wa kulima na kuyapanga mipakani mwa mashamba yakawa kuta ndefu. Kuna shida nyingine pia. Ardhi ya mawe ya namna hiyo hunywa maji kama sifongo, kwa hiyo vijito ni vichache, na kina mama na watoto hulazimika kwenda mbali na madumu ingawa mvua hunyesha kwa wingi. Mawe tele na maji ya mvua tele, na vyote viwili huhesabiwa kuwa kero.

Jinsi kero inavyoweza kugeuzwa kuwa mali ilionekana katika safu hiyo hiyo ya milima, upande wa kaskazini mashariki, kwenye Wilaya ya Burera. Huko, mwezi wa Januari 2011, ilifunguliwa Hospitali ya Butaro, iliyojengwa na Wizara ya Afya ya Rwanda pamoja na shirika la Partners In Health, kwa michoro ya wasanifu wa MASS Design Group. Kuta zake za nje zilijengwa kwa mawe ya volkeno yaliyotoka maeneo hayo. Waashi wa vijiji vya jirani waliyachonga jiwe kwa jiwe mpaka yakakaa pamoja bila saruji kuonekana baina yake. Walipoanza kazi, ukuta wa kwanza haukulingana na ule wa mwisho, maana ufundi ulikuwa ukikua kadiri jengo lilivyopanda. Baada ya hapo waashi hao walitafutwa kwa kazi nyingine. Jiwe lililokuwa likitupwa mpakani likawa na bei.

Lakini jiwe halikuwa jambo kuu la Butaro. Jambo kuu lilikuwa hewa. Mwaka 2006 dunia ilishtushwa na taarifa kutoka Tugela Ferry, huko Afrika Kusini: kati ya wagonjwa 53 waliogundulika kuwa na kifua kikuu sugu kupita kiasi, 52 walikufa, na ilibainika kwamba baadhi yao waliambukizwa hospitalini walikokwenda kutafuta tiba. Jengo lilikuwa limesaidia kueneza ugonjwa. Kwa sababu hiyo wasanifu wa Butaro waliziweka njia za kupita watu nje ya wodi, wakainua dari, wakaweka madirisha ya chini yanayoingiza hewa safi na ya juu yanayotoa hewa chafu, pamoja na feni kubwa na taa za kuua vijidudu. Vitanda vilipangwa ili mgonjwa atazame dirishani, aone bonde na milima. Hewa ikabadilishwa kwa sehemu kubwa na upepo wenyewe, usiodai malipo mwisho wa mwezi.

Fundisho hilo linaihusu moja kwa moja nyumba ya kijijini. Katika nchi za baridi kama Kanzenze watu hupenda madirisha madogo ili kuhifadhi joto, na wengi hupika kwa kuni. Moshi hujaa ndani, na wanaouvuta zaidi ni mama na mtoto aliye mgongoni. Dirisha moja dogo lililowekwa juu, mkabala na mlango, pamoja na bomba la kutolea moshi, huisafisha hewa bila kuifanya nyumba kuwa jokofu. Na ukuta mnene wa mawe hupokea joto la mchana polepole, ukalitoa polepole usiku.

Wazee wa pwani ya Afrika Mashariki walilijua jambo hilo kwa upande wa joto. Nyumba za Unguja, Lamu na Mombasa zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake nene, na vyumba vyake vyembamba kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Kila kifaa kilitoka jirani. Baadaye saruji iliingia, ikaitwa udongo ulaya, na heshima ya nyumba ikaanza kupimwa kwa udongo huo na kwa bati. Mwaka 1977, alipokuwa akiyapima mafanikio na mapungufu ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliwakosoa watu waliong’ang’ania saruji na bati huku udongo mzuri wa kuchoma matofali na vigae ukiwa miguuni pao. Lawama hiyo haijachakaa.

Saruji si kitu kibaya, na hakuna anayeshauri itupwe. Lakini ni vyema gharama yake ikafahamika. Chokaa na udongo huokwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 1,450 hivi za sentigredi, na viwanda vya saruji duniani hutoa asilimia 7 au 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Kisha mfuko husafirishwa kwa lori kupanda milima. Mwananchi anayejenga msingi na kuta kwa mawe ya hapo hapo huitumia saruji pale tu inapohitajika, na sehemu kubwa ya fedha zake huishia mikononi mwa mwashi wa kijijini. Inafaa pia kukumbuka kwamba majivu ya volkeno yenyewe yana tabia ya saruji yanapochanganywa na chokaa. Warumi waliyachimba huko Pozzuoli, karibu na mlima Vesuvius, na baadhi ya majengo yao yamesimama kwa miaka elfu mbili.

Tofali la kuchoma nalo lina deni lake. Tanuri la kienyeji hula kuni nyingi, na Rwanda, yenye watu zaidi ya milioni 13 kwa hesabu ya mwaka 2022, haina mlima wa ziada wa kukatwa miti. Mlima uliokatwa miti huko Rubavu ndio ule ule unaoporomoka mwezi wa Mei. Tofali bichi la udongo, linaloitwa rukarakara nchini humo, halihitaji kuni hata moja, na serikali inaliruhusu kwa masharti. Adui wake ni maji. Likikalishwa juu ya msingi wa mawe ulioinuka juu ya ardhi, likapigwa lipu na kufunikwa na paa lililotokeza nje, hudumu miaka mingi. Likikalishwa juu ya ardhi tupu, mvua hulitafuna kutoka chini, na siku moja ukuta hulala.

Hapa lazima itolewe tahadhari. Rubavu iko katika bonde la ufa. Mlima Nyiragongo, ng’ambo ya mpaka wa Kongo, ulilipuka tarehe 22 Mei 2021, na matetemeko yaliyofuata yalipasua na kuangusha majengo katika mji wa Gisenyi. Mwezi wa Februari 2008 tetemeko liliua makumi ya watu kusini mwa Ziwa Kivu. Ukuta wa mawe uliounganishwa kwa tope tu ni mtego wakati ardhi inapotikisika. Unahitaji mawe marefu yanayopita unene wote wa ukuta, pembe zilizofumwa, na mkanda wa zege wenye nondo unaoizunguka nyumba juu ya madirisha. Saruji ya faranga chache mahali hapo ina thamani kuliko mifuko mingi iliyomwagwa sakafuni kwa ajili ya kung’aa.

Linabaki paa. Kati ya mwaka 2009 na 2011 Rwanda iliendesha kampeni ya kuondoa nyumba za nyasi, nyakatsi kwa lugha ya huko, na bati likachukua mahali pa nyasi. Bati halivuji kama nyasi, lakini nalo halinywi maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 60 ikinyesha usiku mmoja juu ya paa la mita za mraba 60, paa hilo humwaga lita 3,600. Nyumba 100 zilizo juu ya mlima zisizo na mifereji humwaga lita 360,000, na maji hayo hayasimami. Huteremka, huchimba makorongo, hubeba udongo wa shamba na kulifikia tope bondeni. Nyumba ya juu huibomoa ile ya chini, bila mwenyewe kujua.

Paa lile lile, kwa mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, ambayo katika nyanda hizo huzidi, hupokea lita 60,000. Hata moja ya tano ikipotea, hubaki lita 48,000, yaani madumu 2,400 ya lita 20 ambayo hakuna aliyeyabeba kichwani. Tatizo ni kuyahifadhi. Familia ya watu watano inayotumia lita 100 kwa siku hulimaliza tangi la lita 1,000 kwa siku kumi, na kiangazi huanza Juni mpaka Agosti. Kuvuka kiangazi hicho kwa maji ya paa peke yake kunahitaji tangi la zaidi ya lita 9,000, na bei yake ni kubwa kwa mkulima mmoja. Ndiyo maana matangi makubwa yanafaa kuanzia shuleni, katika zahanati na katika nyumba zinazojengwa kwa ushirikiano, na ujenzi wa mifereji unaweza kuingizwa katika umuganda, kazi ya pamoja inayofanyika Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi.

Maji hayo ni mazuri kwa kufua, kwa mifugo na kwa bustani. Kwa kunywa yanahitaji uangalifu, hasa jirani na volkeno hai. Moshi wa Nyiragongo huweza kutia asidi na floraidi katika mvua. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi, kwa hiyo kabla ya kuyanywa ni lazima yapimwe. Na yale yanayozidi tangi yaelekezwe katika shimo lililojazwa mawe ya volkeno, mbali na msingi wa nyumba na mbali na choo. Kwenye uwanda wa mawe shimo hilo huyameza upesi. Kwenye mteremko mkali lisichimbwe karibu na ukingo, kwa sababu udongo uliolowa huwa mzito, na ukiwa mzito huteleza. Huko maji hayo yapitishwe katika mfereji uliopangwa mawe mpaka kwenye korongo lililopandwa mianzi na nyasi.