Balbu Moja Isiyong'olewa Garini

Zikitajwa taa za gari, watu wengi hufikiria zile kubwa za mbele ambazo askari wa barabarani huzikagua. Leo, ndugu msomaji, tuziangalie zile ndogo ambazo hakuna askari anayeziuliza: taa za dashibodi zinazommulikia dereva mishale ya mwendo na mafuta, pamoja na ile ya darini inayowaka mlango ukifunguliwa. Hizo ndizo zinazobadilishwa kwa pupa siku hizi hapa Matiliku, katika kaunti ya Makueni. Balbu za kale zenye uzi wa waya ndani yake zinang'olewa, na mahali pake panatiwa taa za LED.

Chanzo cha mtindo huu hakifichiki. Ni matatu za Nairobi. Tangu Rais Jomo Kenyatta alipozihalalisha matatu kwa tamko lake la mwaka 1973, wenyewe hawakuchoka kuzipamba. Sheria za Waziri John Michuki zilizoanza kutumika mwaka 2004 zilizivika ukanda wa manjano na kuzipunguzia madaha, lakini mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitamka kwamba michoro iachwe irudi, nayo ikarudi pamoja na taa za kila rangi. Kijana wa kwetu aliyefanya kazi ya umakanga mjini humo harudi nyumbani akaridhika na dashibodi iliyofifia kama jiko lililolala.

Hata hivyo, mimi sikubaliani na wazee wanaosema kwamba jambo hili ni urembo mtupu. Barabara zetu nyingi ni za vumbi na makorongo, na uzi ule wa balbu, unaopaswa kuwa na moto mkali mno ndio utoe nuru, hukatika kwa mitikisiko. LED haina uzi wa kukatika. Tena kuna hesabu ya betri. Balbu ya kawaida ya darini yenye wati 5 hula karibu sehemu 4 za kumi za ampea. Mlango ukisahauliwa wazi kwa saa 10 za usiku, ampea-saa 4 zimekwenda, na hilo ni fungu la kumi la betri ndogo ya gari la abiria, ikiwa betri yenyewe ingali mpya. LED hutosheka na nusu wati au wati moja. Isitoshe, abiria wa kwenda Emali au Wote alfajiri hufaidika pia: makanga akisema, "Mwaitu, chenji yako hii," mama huyo huihesabu palepale bila kuombaomba tochi ya simu.

Lakini hizi si balbu kama zile. LED ni kidude cha kielektroniki kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Ikichomekwa kinyume haiwaki kabisa, hali balbu ya kale haijali imegeuzwa vipi. Katika tofauti hiyo ndogo kuna hasara kubwa, kama nilivyojionea mwenyewe kwenye gereji moja iliyo chini ya mwembe, karibu na soko.

Mzee mmoja alileta pikapu yake kuukuu, ambayo hupakia maembe usiku ili yafike barabara kuu ya Mombasa kabla ya jua kuchomoza. Alikuwa amelala njiani mara mbili. Mara ya pili maembe yalipigwa na jua mchana kutwa, na mnunuzi akayakataa. Betri alikwisha nunua mpya, na hiyo nayo ilikuwa imekufa. Ajabu ni kwamba siku nyingine gari lilikwenda na kurudi salama.

"Mzee," fundi akamwuliza, "dashi hii nani alikubadilishia taa?"

"Ni mjukuu wangu, alipokuja likizo. Si zinang'aa?"

"Zinang'aa sana. Na hii nyekundu yenye picha ya betri, huwa inawaka?"

"Haijawaka hata siku moja. Nikasema, basi betri ni nzima."

Fundi akawasha swichi bila kuanzisha injini. Taa nyingine zote za onyo zikawaka; ile ya betri ikakaa kimya. Akaifungua dashibodi na kuigeuza ile LED kwenye tundu lake, nayo ikawaka mara moja. Alipoanzisha injini, haikuzimika. Ilizimika tu alipokanyaga mafuta kwa nguvu hadi gari likanguruma. Ndipo akaing'oa, akachomeka balbu ya kale, akarudia. Safari hii taa ilizimika injini ilipoamka tu, na mita aliyokuwa ameishika kwenye betri ikapanda kutoka 12 hadi kupita 14.

Sababu yake ni hii. Katika magari mengi ya zamani, taa hiyo si ya kumpasha dereva habari peke yake. Ukifungua swichi, umeme wa betri hupitia ndani ya balbu hiyo kwenda kwenye alterneta, na huko huamsha sumaku inayoiwezesha kuzalisha umeme. Alterneta ikishaamka, nguvu ya umeme huwa sawa pande zote mbili za balbu, nayo huzimika. Balbu ya wati 2 au 3 hupitisha umeme wa kutosha kazi hiyo. LED hupitisha kidogo mno, na ikiwa kinyume haipitishi kitu. Alterneta huendelea kulala mpaka injini izungushwe kwa kasi. Kumbe siku alizokimbia kwenye lami betri ilijaa, na siku alizotambaa katika makorongo na mzigo mzito, taa za mbele ziliinyonya mpaka ikakauka. Na taa ya kumwonya ndiyo hiyo iliyokuwa imezibwa mdomo.

Magari mapya mengi yana mitambo isiyoitegemea balbu hiyo, na mengine yamewekewa rezista pembeni yake. Lakini Matiliku si mji wa magari mapya, na mwenye pikapu kuukuu akitaka kubadilisha taa zote, basi hiyo moja aiache au fundi amwunganishie rezista sambamba nayo.

Kuhusu rangi, nina neno. Taa nyekundu ya LED ilivumbuliwa na Mmarekani Nick Holonyak mwaka 1962. Ile ya buluu yenye nuru ya haja ilisubiri hadi miaka ya 1990, ikawapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. LED nyeupe za siku hizi kwa kawaida ni za buluu zilizopakwa unga wa manjano, kwa hiyo zina uhaba wa wekundu. Ukiiweka nyuma ya kioo chekundu cha onyo, hutoa mwanga hafifu usiomshtua mtu. Penye kioo chekundu itiwe LED nyekundu. Nayo dashibodi ya buluu tupu, wanayoipenda vijana, humharibia dereva macho yaliyokwisha kuzoea giza, asimwone ng'ombe aliyelala katikati ya barabara. Mimi ningeipiga marufuku, ila sina mamlaka.

Yule mzee aliacha LED zote nyingine mahali pake, alizipenda. Fundi naye hatupi balbu anazozing'oa. Huzitia katika mkebe wa maziwa ya unga ulio kando ya vifaa vyake, na siku ile mkebe ulikuwa umejaa nusu.