Kalamu au Karamu: Tahajia kwa Masikio ya Tabora

Mwalimu amesimama kando ya ubao, anasoma neno la nne la imla. "Mtu," anasema, kisha anarudia polepole: "M-tu." Ni darasa la pili katika shule ya kijiji, nje kidogo ya mji wa Tabora, na watoto wamebanana watatu watatu kwenye madawati. Nimekaa nyuma karibu na binti mmoja anayeandika huku midomo yake ikicheza. Ameandika *mutu*. Juu yake, palipotakiwa *rafiki*, ameandika *lafiki*. Kijana wa kushoto kwake ameandika herufi *m* peke yake, kubwa, imekula mistari miwili ya daftari, kisha akaweka penseli chini.

Madaftari yakisahihishwa, wote wawili watapata kosa, tena kwa wino uleule mwekundu. Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu makosa yao hayana udugu. Kijana bado hajajua kuikata sauti ya neno vipande na kukipa kila kipande herufi yake. Binti anajua. Amesikiliza, amekata, ameandika kila alichokisikia. Tatizo ni kwamba amesikiliza kwa sikio la Kinyamwezi.

Kwa Kinyamwezi mtu ni *munhu*, na ile *u* ya mwanzo inatamkwa waziwazi. Ukimsomea *mtu*, ambamo *m* inasimama peke yake kama silabi nzima bila irabu, sikio lake linairudisha *u* mahali pake. Isitoshe, Clement Maganga na Thilo Schadeberg, katika kitabu chao cha sarufi ya Kinyamwezi cha mwaka 1992, wanaeleza lugha yenye irabu saba ambayo haina *r*. Kwa mtoto aliyelelewa nayo, *kalamu* na *karamu* ni neno moja, na *kula* na *kura* ni neno moja. Mahali na mahari pia.

Sikio hufungwa mapema kuliko tunavyodhani. Patricia Kuhl na wenzake walionyesha mwaka 2006 kwamba watoto wa Japani na wa Marekani wenye umri wa miezi sita hadi minane hutofautisha *l* na *r* kwa kiwango kilekile. Wakifika miezi kumi hadi kumi na miwili, wa Marekani wamesonga mbele na wa Japani, ambao lugha yao haitenganishi sauti hizo, wamerudi nyuma. Basi mtoto wa Unyamwezi anaingia darasa la kwanza akiwa ameshafanya, miaka kadhaa nyuma, kazi ambayo ubongo wake ulitakiwa kuifanya: kuacha tofauti ambazo lugha ya mama haizihitaji. Kumwita mzito kwa ajili hiyo ni kumwonea.

Tumezoea kusema Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Ni kweli, na ni neema kubwa. Utafiti ulioongozwa na Philip Seymour, uliochapishwa mwaka 2003, uliwapima watoto wa lugha 13 za Ulaya waliokuwa katika mwaka wa kwanza wa shule. Wa Kifini, ambao tahajia yao imenyooka kama yetu, walisoma sawasawa maneno 98 katika kila 100 waliyoyazoea. Wa Kiingereza 34. Lakini tuulize: kinaandikwa kama anavyotamka nani?

Kiswahili kilifika Tabora kwa miguu, kwenye njia ya misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na wapagazi wengi waliobeba pembe za ndovu walikuwa Wanyamwezi wenyewe. Kila aliyekisema alikisema kwa kinywa chake. Barua za wafanyabiashara ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambamo alama moja, kasra, ilibeba *i* na *e* pamoja, na dhumma ikabeba *u* na *o*; msomaji alimalizia kwa kuijua lugha. Baadaye, mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikasimamia tahajia moja kwa herufi za Kirumi. Tahajia yetu kwa hiyo ni picha ya kinywa cha Unguja, na binti wa Tabora anatakiwa aione picha hiyo kwa kinywa kingine. Katherine Alcock na Damaris Ngorosho, waliochunguza makosa ya watoto katika tahajia ya Kiswahili na kuchapisha matokeo mwaka 2003, walisema tangu kwenye kichwa cha makala yao kwamba kujifunza tahajia iliyonyooka si jambo dogo.

Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2013 ulikuta watoto wapatao 8 tu katika kila 100 wa darasa la pili wanasoma na kuelewa kwa kiwango kilichotakiwa. Mtaala wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ukaja, na Tabora ikawa miongoni mwa mikoa ya mpango wa EQUIP-T uliowanoa walimu wa madarasa ya awali. Hatua hizo naziheshimu. Hata hivyo, mwalimu mwenye watoto wengi mbele yake bado anahitaji kujua nani amekwama wapi. Uwezo, shirika linalopima watoto majumbani, hutumia ngazi nyepesi: silabi, neno, aya, hadithi. Dakika chache kwa kila mtoto zinatosha kumweka kwenye ngazi yake, na wa ngazi moja wakafundishwa pamoja hata kama mmoja ni wa darasa la pili na mwingine wa la nne. Shirika la Pratham la India limefanya hivyo kwa miaka mingi.

Yuko pia mtoto anayeandika *dada* palipotakiwa *baba*. Macho yake mazima. Mtafiti wa ubongo Stanislas Dehaene ameeleza kwamba ubongo husoma kwa kuazima sehemu iliyokuwa ikitambua sura na vitu, na sehemu hiyo imezoea kumwona mbuzi kuwa yuleyule akigeukia kushoto au kulia. *b* na *d* ni umbo moja lililogeuzwa. Mtoto analazimika kuusahau ujuzi ambao porini ungemfaa.

Kugeuka huko hakumwachi hata asiyeona. Katika nukta nundu, *e* ikigeuzwa inakuwa *i*, na *d* inakuwa *f*. Na kwa mtoto kiziwi mlango wa sauti haufunguki kabisa. Ni Tabora hii hii ilikoanzishwa, mwaka 1963, shule ya kwanza ya viziwi Tanzania, chini ya Kanisa Katoliki. Mtoto kama huyo hupata tahajia kwa jicho na kwa vidole: neno ni umbo, ni mfululizo wa ishara za mkono, ni picha iliyo pembeni yake.

Nililitazama jambo hilohilo likimfaa binti wangu wa *lafiki*. Baada ya imla mwalimu aliwauliza watoto pikipiki inaliaje, darasa zima likanguruma, naye akinguruma nao, ncha ya ulimi ikitetemeka vizuri kabisa. Kumbe *r* anayo kinywani. Ni kwamba haikuwa na kazi katika lugha yake. "Sasa tia *a*," mwalimu akasema. "Rrra." Yeye akatoa *ra*, kisha alipoambiwa aseme *kura* ikatoka *kula*, akacheka na wenzake wakacheka.

Mwalimu hakubishana na sikio lake. Aliandika maneno mawili ubaoni, *kula* na *kura*, akawaambia kila mmoja achore picha ya kila neno. Binti alinakili herufi moja moja, ameinama mpaka paji la uso linakaribia karatasi. Chini ya *kula* alichora sahani yenye mlima wa ugali. Chini ya *kura* alichora sanduku, akalikatia tundu juu, kisha akarudi kwenye *r* na kuikoleza kwa penseli mpaka ikaacha alama ukurasa wa pili.