Kuahirisha hedhi kwa vidonge vya majira

Mwanamke anayemeza vidonge vya majira vyenye homoni mbili anaweza kusogeza tarehe ya hedhi yake, au kuiruka kwa mwezi mmoja na zaidi. Akimaliza vidonge 21 vyenye homoni, hapumziki siku saba. Anaanza paketi nyingine kesho yake, na damu haitoki mpaka aache kumeza. Wanaofanya hivyo wana sababu mbalimbali: bi harusi aliyekwisha kupangiwa tarehe, mwanariadha mwenye mashindano, mwenda hija, mgonjwa ambaye kila mwezi chango humlaza kitandani. Kwa wote hao kuruka hedhi kwenyewe hakuna madhara yanayojulikana. Linalopaswa kuchunguzwa ni kama mhusika anafaa kutumia vidonge hivyo tangu mwanzo.

Damu mbili tofauti

Katika mzunguko wa kawaida, ovari hutoa homoni ya estrojeni, nayo hunenepesha utando wa ndani wa mji wa mimba. Yai likishapevuka na kutoka, ovari huongeza homoni ya pili, projesteroni, inayouandaa utando huo kupokea mimba. Mimba isipotunga, baada ya wiki mbili hivi homoni zote mbili hushuka, utando hubomoka, na mabaki yake hutoka pamoja na damu. Hiyo ndiyo hedhi.

Vidonge vya majira vya aina mseto, yaani vyenye homoni za jamii ya estrojeni na ya projesteroni, hubadili utaratibu huo. Aina inayotumika sana Afrika Mashariki ina levonorgestreli mikrogramu 150 na ethinilestradioli mikrogramu 30 katika kila kidonge. Kwa kuwa homoni hizo huingia mwilini kila siku kwa kiwango kilekile, tezi iliyo chini ya ubongo huacha kuziamuru ovari kupevusha yai. Ute wa mlango wa kizazi huwa mzito, mbegu za kiume zikashindwa kupita kwa urahisi, na utando wa mji wa mimba hubaki mwembamba.

Paketi nyingi zina vidonge 28. Vidonge 21 vya mwanzo vina homoni. Saba vya mwisho, ambavyo mara nyingi ni vya rangi ya kahawia, vina madini ya chuma au havina dawa yoyote. Kazi yake ni kumsaidia mtumiaji asipoteze mazoea ya kumeza kila siku. Katika siku hizo saba homoni hupungua mwilini na damu kidogo hutoka, kwa kawaida siku ya pili au ya tatu. Damu hiyo hufanana na hedhi, lakini haikutanguliwa na yai lolote. Imetoka kwa sababu homoni zimesimamishwa. Zisiposimamishwa, haitoki.

Siku saba zilikotoka

Mapumziko ya siku saba yalibuniwa na watengenezaji wa vidonge. Katika miaka ya 1950 wanasayansi wa Marekani Gregory Pincus na Min Chueh Chang, pamoja na daktari wa magonjwa ya wanawake John Rock, walikuwa wakitafuta kidonge cha kuzuia mimba, na mwaka 1956 wakaanza majaribio makubwa Puerto Rico. Waliona kwamba homoni zikimezwa mfululizo wanawake hawapati hedhi, au hutokwa na matone ovyo, wakaingiwa na wasiwasi kwamba wameshika mimba. Ndipo ulipowekwa utaratibu wa kumeza kwa wiki tatu hivi kisha kusimama, ili damu ionekane kila mwezi. Rock, aliyekuwa Mkatoliki, alitumaini pia kwamba kidonge kinachofuata mwendo wa maumbile kingekubaliwa na Kanisa. Mwaka 1968 Papa Paulo wa Sita alikikataa.

Kidonge cha kwanza, Enovid, kiliruhusiwa Marekani mwaka 1957 kutibu matatizo ya hedhi, na mwaka 1960 kuzuia mimba. Kiwango chake cha homoni kilikuwa kikubwa mara kadhaa kuliko cha leo. Dozi zilipunguzwa baadaye, lakini mpango wa wiki tatu kwa moja ukabaki.

Mwaka 1977 madaktari wa Edinburgh, Uingereza, walichapisha matokeo ya wanawake waliounganisha paketi na kupata damu mara moja tu kila miezi mitatu. Wengi wao waliupendelea mpango huo. Marekani iliidhinisha mwaka 2003 paketi ya Seasonale yenye vidonge 84 vya homoni mfululizo, na mwaka 2007 Lybrel, iliyokuwa ikimezwa mwaka mzima bila kusimama. Mwaka 2019 chombo cha wataalamu wa afya ya uzazi nchini Uingereza kilitoa mwongozo unaosema kwamba mapumziko ya siku saba hayana faida yoyote kiafya. Uchambuzi wa majaribio yaliyolinganisha mpango wenye mapumziko ya kila mwezi na ule wa kumeza mfululizo umeonyesha kwamba yote miwili inazuia mimba kwa kiwango kinachokaribiana na usalama wake haupishani.

Namna ya kuunganisha paketi

Mwenye paketi ya vidonge 28 huviacha vile saba vya mwisho na kuanza paketi mpya siku inayofuata. Mwenye paketi ya 21 huanza nyingine bila kupumzika. Anayetaka kusogeza hedhi kwa siku chache tu humeza vidonge vya paketi ya pili kwa idadi ya siku anazozihitaji, kisha husimama. Damu hutoka siku mbili au tatu baadaye. Wengine huunganisha paketi tatu ndipo wakapumzika, na wengine humeza mfululizo.

Usumbufu unaowapata wengi ni matone ya damu yasiyotarajiwa, hasa miezi ya mwanzo. Hayana madhara na hupungua kadiri mwili unavyozoea. Yakiendelea siku tatu au nne, mtumiaji ambaye amekwisha kumeza vidonge visivyopungua 21 mfululizo anaweza kusimama siku nne, akaruhusu damu itoke, kisha akaanza tena.

Kanuni isiyovunjwa ni kwamba mapumziko yasizidi siku saba. Katika muda huo ovari huanza kuamka, na siku chache zikiongezeka yai linaweza kupevuka. Ndiyo maana vidonge vinavyosahauliwa mwanzoni au mwishoni mwa paketi huleta mimba zaidi kuliko vinavyosahauliwa katikati: vinarefusha siku za kukaa bila homoni. Kwa hesabu hiyohiyo, anayeunganisha paketi hupunguza nafasi ya yai kupevuka.

Si kila kidonge kinafaa kwa kazi hii. Katika paketi ambazo vidonge vyenye homoni vina rangi mbili au tatu, dozi hubadilika kadiri siku zinavyokwenda, hivyo kuziunganisha kunahitaji maelekezo ya mfamasia. Vidonge vyenye homoni moja, ambavyo hupewa sana akina mama wanaonyonyesha, humezwa kila siku bila mapumziko na havimpi mtumiaji uwezo wa kupanga siku ya damu. Vidonge vya dharura, maarufu kama P2, havikukusudiwa kuahirisha hedhi. Huweza kuiwahisha au kuichelewesha bila utabiri.

Asiyetumia vidonge vya majira

Mwanamke ambaye hajawahi kutumia vidonge hivi na anakabiliwa na tarehe fulani ana njia mbili. Ya kwanza ni kuanza vidonge mseto mapema, mwezi mmoja au zaidi kabla, katika siku tano za mwanzo za hedhi, ili siku yenyewe ifike mwili ukiwa umezoea. Ya pili ni norethisteroni, dawa yenye homoni ya jamii ya projesteroni, inayotolewa kwa ushauri wa daktari. Kwa kawaida humezwa kidonge cha miligramu 5 mara tatu kwa siku, kuanzia siku tatu kabla ya hedhi kutarajiwa. Ikisimamishwa, hedhi huja baada ya siku mbili au tatu.

Norethisteroni ikitumiwa hivyo haizuii mimba, na haifai kumezwa na mwenye mimba. Tena sehemu yake hugeuka estrojeni mwilini, kwa hiyo mwenye historia ya damu kuganda kwenye mishipa hapaswi kuichukua kwa kudhani ni salama kwa sababu ya homoni yake moja. Anayengoja mpaka damu imeanza kutoka amechelewa kwa njia zote mbili.

Hija na Ramadhani

Miongoni mwa Waislamu maswali haya huongezeka msimu wa hija unapokaribia. Mwanamke mwenye hedhi hutekeleza ibada za hija zote ila kutufu Al-Kaaba, ambako husubiri mpaka atoharike. Kwa kuwa tarehe ya ndege ya kurudi huwa imepangwa na msafara mzima, kusubiri kunaweza kumkosesha nguzo hiyo ya hija. Wanazuoni wengi wameruhusu dawa ya kuahirisha hedhi kwa sharti kwamba haimdhuru mtumiaji. Katika Ramadhani haja ni ndogo zaidi, kwa kuwa siku za hedhi hulipwa baadaye.

Sharti la kutodhuru linahitaji kipimo cha hospitali. Mahujaji wengi wamepita miaka 35, baadhi wana presha au kisukari, na safari ya kukaa saa nyingi kwenye ndege au basi huongeza uwezekano wa damu kuganda miguuni. Anayeanza vidonge wiki ya kuondoka hujiweka pia katika hatari ya kutokwa na matone akiwa Makka, jambo alilokuwa akilikimbia. Kuanza miezi miwili au mitatu kabla humpa muda wa kupima presha, kuona jinsi mwili unavyopokea dawa, na kubadili mpango ikihitajika.

Wasiofaa kutumia

Vigezo vya Shirika la Afya Duniani vinawakataza vidonge vyenye estrojeni watu wenye presha ya 160 kwa 100 au zaidi. Waliowahi kupata kiharusi, ugonjwa wa mishipa ya moyo au damu kuganda kwenye mishipa ya miguu au mapafu. Wenye saratani ya matiti au ugonjwa mkali wa ini. Wenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni au ganzi. Na wavutaji sigara 15 au zaidi kwa siku waliofikisha miaka 35. Mwenye presha kati ya 140 kwa 90 na kiwango hicho kwa kawaida hushauriwa njia nyingine. Mama anayenyonyesha hapaswi kuvitumia katika wiki sita za kwanza, na kwa kawaida hushauriwa kungoja mpaka mtoto atimize miezi sita.

Hatari kubwa inayotajwa ni damu kuganda. Kwa mwaka mmoja, kati ya wanawake 10,000 wasiotumia vidonge na wasio wajawazito, wawili hivi hupatwa. Kwa watumiaji wa vidonge vyenye levonorgestreli ni watano hadi saba. Ujauzito na wiki za baada ya kujifungua huleta hatari kubwa kuliko hiyo. Mtumiaji anayepata maumivu makali au uvimbe wa mguu mmoja, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, maumivu makali ya kichwa yasiyo ya kawaida, maumivu makali ya tumbo, au kuona kiwi ghafla, aache vidonge na kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Baadhi ya dawa hupunguza nguvu ya vidonge: rifampisini ya kifua kikuu, dawa za kifafa kama karbamazepini na fenitoini, na efavirenzi kati ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Antibayotiki nyingine za kawaida hazina tatizo hilo, lakini kutapika au kuharisha sana kunaweza kuzuia homoni zisiingie mwilini. Na vidonge vya majira havikingi UKIMWI wala magonjwa mengine ya zinaa. Kwa hayo kondomu inabaki kuwa ya lazima.

Hofu na faida

Hofu inayosikika zaidi ni kwamba damu isipotoka hurundikana tumboni na kuwa sumu. Hakuna kinachorundikana, kwa sababu utando wa mji wa mimba haukunenepa. Hofu ya pili ni ugumba. Wanaoacha vidonge hurudiwa na mzunguko wao, wengi ndani ya miezi mitatu, hata kama walimeza mfululizo kwa mwaka. Hofu ya tatu ina msingi: anayeruka hedhi hana damu ya kila mwezi ya kumwondolea shaka ya mimba. Akisahau vidonge, au akihisi kichefuchefu na matiti kuuma, apime mkojo.

Kwa baadhi ya wagonjwa kuruka hedhi ni tiba. Wanaopoteza damu nyingi kila mwezi hupata nafuu ya upungufu wa damu. Wenye endometriosisi, yaani tishu inayofanana na utando wa mji wa mimba kuota nje yake, hupunguziwa maumivu. Na wenye maumivu makali ya hedhi hupata mwezi usio na siku za kulala kitandani kwa maumivu. Vidonge mseto hupunguza pia uwezekano wa saratani ya ovari na ya mji wa mimba. Kwa upande mwingine, huongeza kidogo uwezekano wa saratani ya matiti na ya mlango wa kizazi kwa muda vinapotumika.

Maelezo haya yote yanawahusu wanaomeza homoni. Hedhi inayokatika kwa miezi mitatu bila vidonge, sindano wala kipandikizi ina chanzo kingine: mimba, kunyonyesha, kupungua uzito kupita kiasi, matatizo ya tezi ya shingo au ya ovari, au kukaribia kukoma hedhi. Vivyo hivyo damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, au matone yasiyokoma hata baada ya miezi kadhaa ya kutumia vidonge, yanahitaji kuchunguzwa kliniki kabla ya kubadili paketi.