Juu ya Kufumua Programu za Kompyuta

Mtu anunuaye mkeka aweza kuufumua apate kujua jinsi ulivyosukwa, wala hapana wa kumshitaki. Je, anunuaye programu ya kompyuta anayo haki hiyo? Programu huandikwa kwanza kwa lugha isomekayo na wajuzi, kisha hugeuzwa kuwa tarakimu za mashine, na mnunuzi hupewa tarakimu hizo tu. Kuzirudisha katika hali ya kusomeka ndiko nikuitako kufumua. Nimelichagua neno hili kwa kuwa wasusi na washonaji wanalo tayari, wala halina harufu ya wizi.

Ugomvi watokana na hakimiliki, maana programu haifumuliwi ila kwa kunakiliwa. Kampuni ya Accolade ya California ilifumua michezo ya Sega ili itengeneze michezo yake ya kuchezwa katika mashine ya Sega. Mwaka 1992 Mahakama ya Rufani ya huko iliamua kwamba, ikiwa hapana njia nyingine ya kuyafikia mawazo yaliyomo, na sababu ni ya haki, kunakili huko ni matumizi halali.

Lakini kesi iwapasayo zaidi wanafunzi wa lugha ni ile ya SAS Institute ya North Carolina na World Programming ya Uingereza. Hii ya pili ilinunua programu ya SAS, ikachunguza itendavyo kazi, ikatunga programu yake iwezayo kuendesha maandiko ya lugha ya SAS. Maandishi ya ndani haikuyaona kamwe. Tarehe 2 Mei 2012 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilisema kwamba kazi itendwayo na programu, na hata lugha ya programu, hazilindwi na hakimiliki ya programu. Tena, kwa sheria ya Ulaya, mkataba umzuiao mnunuzi halali kuchunguza na kujaribu programu aliyopewa ruhusa kuitumia ni batili kwa kadiri hiyo.

Huko Marekani mambo yalikwenda vingine. Leseni ilikataza kufumua, na World Programming ikajitetea kwamba neno lile la Kiingereza lahusu kuyapata maandishi ya ndani tu. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliikataa hoja hiyo: kuchunguza kitu kizima ili kutengeneza kingine mfano wake kumo ndani ya neno hilo. Baraza la wazee wa mahakama lilikuwa limekwisha kuona, mwaka 2015, kwamba mkataba ulipatikana kwa hila. Fidia, ilipozidishwa mara tatu, ikapita dola milioni 79.

Hapa neno langu lanitia mashakani. Atazamaye mkeka ulivyotandikwa, akaenda kusuka wake, hakufumua hata uzi mmoja. Leseni hiyo ingaliandikwa kwa Kiswahili, kwa neno hili nililolisifu, pengine World Programming ingalishinda katika shauri la neno. Na yule atakayefasiri leseni za namna hii hana budi kuchagua kwanza ni upande upi wa kesi atakaousimamia.