Kabla Hujanunua Gari la Familia, Uliza Injini

Jambo hili tunaliandika tukiwa na deni. Miaka michache iliyopita mwalimu mmoja wa shule ya msingi, kutoka upande wa Nyahururu, alikuja ofisini kwetu pamoja na mama watoto. Mtoto wao wa pili alikuwa na shida ya miguu, na mara mbili kwa wiki ilibidi apelekwe hospitali kufanyishwa mazoezi. Matatu zilikuwa zinawaacha stejini kwa sababu ya kile kiti cha magurudumu. Sacco ilikuwa imewakubalia mkopo wa kulipa kwa miaka minne, wakatuuliza wanunue gari gani. Sisi tukajibu haraka haraka kama watu wanaojua: "Chukueni ndogo kabisa, cc 1000, haili mafuta." Wakanunua.

Kwenye lami gari lilikwenda vizuri. Lakini njia ya kwao ni mlima, na mvua ikinyesha ni matope matupu. Baba, mama, watoto watatu, kiti cha magurudumu, na siku ya soko debe mbili za viazi juu yake. Kila siku gia ya kwanza, injini inalia. Kabla mwaka haujaisha maji yalichemka, gasketi ikaungua, na mtoto akakaa wiki sita bila mazoezi huku makato ya sacco yakiendelea kama kawaida. Mwalimu hakutupigia kelele. Alisema tu, "Na si ni nyinyi mlituambia?" Ndipo tukaanza kuuliza mafundi na kusoma, na haya ndiyo tungalimwambia siku ile.

Shida ilianzia kwenye hewa. Petroli haiwaki bila hewa, na huku kwetu juu hewa ni nyepesi. Kwa makadirio, kila unapopanda mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake. Nairobi iko mita 1,700 hivi. Nyahururu ni 2,300. Sasa chukua Toyota Vitz ya cc 1000. Injini yake ya silinda tatu hutoa nguvu za farasi kama 70 ikiwa Mombasa. Ilete Nyahururu, zinabaki kama 55. Gari lenyewe lina uzito wa karibu kilo 1,000. Jaza watu watano na mizigo, umefika kilo 1,350 au zaidi. Farasi 55 kwa mzigo huo, kwenye matope! Ya cc 1300 ina farasi karibu 90. Ya cc 1500, ile iliyo katika Probox na Fielder nyingi tunazoziona barabarani, ina zaidi ya 100. Kwa hivyo hiyo ya 1500, hata ikipunguziwa nguvu na urefu wa milima, bado inaishinda ile ndogo ikiwa pwani.

Mtu atasema, lakini ndogo inaokoa mafuta. Ni kweli mahali pa tambarare, gari likiwa na watu wawili. Ukiwa umekanyaga mpaka chini safari nzima, injini huongezewa petroli ili isichemke, na ile faida uliyoifuata inaisha. Muuguzi anayeishi Kisumu au Mombasa na mtoto mmoja, huyo tungemwambia leo vile vile achukue cc 1000 na asijute. Wala hatusemi watu wakimbilie kubwa. Gari likipita cc 1500, ushuru wa bidhaa wa kuliingiza nchini huwa juu zaidi, na kwa familia ya mshahara mmoja hiyo si pesa ya kuchezea.

Kuna wanaosifu dizeli, na wana haki. Mazda Demio ya dizeli ya cc 1500 ina turbo, na turbo husukuma hewa ndani hata huku juu, kwa hivyo inavuta kama gari kubwa. Lakini hizi dizeli za kisasa zina chujio la kukamata masizi kwenye ekzosi. Chujio hilo hujisafisha kwa kuyachoma masizi, na ili liyachome linataka safari ndefu yenye moto wa kutosha. Mama wa kupeleka watoto shule kilomita tatu na kurudi, kila siku hivyo hivyo, ataliziba. Tangu Januari 2015 kiwango cha salfa katika dizeli ya Afrika Mashariki kiliwekwa kisizidi sehemu 50 kwa milioni, kwa hivyo ya kituo cha mafuta ni safi kuliko ya zamani. Ya jerikeni kando ya barabara, hapana.

Na petroli pia uwe macho nayo. Kuna injini ambazo petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa sana. Zile Toyota za D-4 za miaka ya 2000, ambazo makanika wakiziona hutikisa kichwa, ni za namna hiyo. Gari lililopita miaka minane haliruhusiwi kuingizwa nchini, lakini hizo zilishaingia zamani na bado zinauzwa kwa mikono ya watu, tena kwa bei ya kuvutia. Pampu na nozeli zake hazipendi mafuta machafu. Serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu ya watu waliokuwa wakiyachanganya na mafuta ya gari, kwa hivyo hofu hii haikutoka hewani.

Haibridi kama Aqua ni nzuri kwa mtu wa foleni za mjini; kabla ya kulipa, betri yake kubwa ipimwe na fundi wake.

Ukishachagua, nenda kaangalie gari asubuhi injini ikiwa baridi. Muuzaji akiwa amelipasha moto kabla hujafika, muulize kwa nini. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Vuta kijiti cha oili: ikiwa nyeusi nzito kama lami, jua injini imetunzwa vibaya. Injini hizi ndogo za Toyota huendeshwa na mnyororo ndani badala ya mkanda, na mnyororo huo uhai wake ni oili kubadilishwa kwa wakati. Kisha beba familia yote, ndiyo, yote, na mpande mlima wenu wenyewe. Pia mwulize makanika wa soko lenu kama injini hiyo anaijua na kama vipuri viko Nakuru au mpaka Nairobi.

Mwalimu wetu aliitengeneza ile ndogo, akamuuzia mtu wa Nakuru mjini, akaongeza kidogo na kununua Probox ya cc 1500, kuukuu lakini safi. Kiti cha magurudumu kinaingia nyuma bila kukunjwa, na mtoto amerudi kwenye mazoezi yake. Mwalimu analalamika kwamba springi ni ngumu na mgongo unamuuma. Mama watoto anamwambia anyamaze aendeshe.