Fahamu: Laptopu moja, skrini kadhaa kwenye mnada wa korosho

Tangu msimu wa 2024/2025, korosho za wakulima wa RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, huuzwa kupitia mfumo wa kidijitali wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Siku ya mnada, mkulima aliyekaa nyuma ukumbini ana haki ya kusoma bei sawa na aliyekaa mbele, na skrini moja haitoshi.

Kama wote wanatakiwa kuona kitu kilekile, kigawanyio cha HDMI kinatosha: huchukua picha moja na kuipeleka kwenye skrini mbili au nne. Hakitoi picha tofauti, ingawa wengi hukinunua wakidhani kinaweza. Karani anayetaka bei zionekane kwa wakulima huku hesabu zikibaki mbele yake na vipimo vya mizani ya ghala vikiwa kwenye skrini ya tatu anahitaji njia mbili za picha, kwa mfano HDMI na USB-C. Lakini si kila tundu la USB-C hutoa picha. Mengine ni ya chaji na mafaili tu. Hapo adapta ya DisplayLink husaidia, ukishasakinisha programu yake.

Ili kila skrini ionyeshe kitu chake kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, kisha chagua kupanua, si kurudufu. Jaribu kabla wakulima hawajaingia. Na usinunue waya mrefu ovyo: HDMI ya kawaida ikizidi mita 15 hivi, picha huanza kukatika.