Saratani Ikishafika Kwenye Ini, Upasuaji Bado Unawezekana?

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Ini linapokatwa, kazi yangu mojawapo ni kutazama saa. Daktari bingwa hukaza utepe kuzunguka mishipa inayoingiza damu kwenye ini, nami hutaja dakika. Zikifika 15 analegeza, damu inapita kwa dakika 5, halafu anakaza tena. Njia ya kubana mishipa hiyo ilielezwa na James Hogarth Pringle, daktari wa Glasgow, mwaka 1908. Ini zima lina rangi ya damu ya mzee. Likibanwa hufifia na kuwa la kijivujivu, likiachiwa rangi hurudi.

Nje ya mlango wa chumba hicho, ndugu wa wagonjwa huniuliza, “Nesi, ndiyo basi tena?” Hapana, si kwa kila mgonjwa.

Chukua mfano wa saratani ya tishu laini, yaani sarkoma, ambayo huanzia kwenye misuli, mafuta, neva au mishipa ya damu. Ya mguuni au mkononi ikisambaa huenda zaidi kwenye mapafu. Ya tumboni, hasa GIST inayoota kwenye ukuta wa tumbo la chakula au utumbo, mara nyingi huenda kwenye ini.

Kabla ya kupasua, madaktari huangalia idadi ya vivimbe na mahali vilipo, kama kuna vingine nje ya ini, na kiasi cha ini kitakachobaki. Ini lisilo na makovu ya pombe wala homa ya ini likibakizwa asilimia 30 kwa kawaida huhimili, kisha hunenepa lenyewe.

Kwa GIST, vidonge vya imatinibu ndivyo hutangulia. Mwaka 2000 mgonjwa wa kwanza wa GIST alivimeza huko Helsinki, Finland, na vivimbe vya ini lake vikanywea. Siku hizi ugonjwa ukisikia dawa, baadhi ya wagonjwa hupasuliwa kuondoa mabaki. Wakishapona kidonda huendelea na vidonge, kwa kuwa chembe zisizoonekana kwa macho huweza kuwa zimebaki.

Ndugu msomaji, ukiambiwa saratani imefika kwenye ini, beba majibu ya kipimo cha kinyama (biopsi) na picha za CT, umwone bingwa wa upasuaji wa ini pamoja na bingwa wa saratani. Waulize wazi: “Vivimbe vyote vinaweza kutolewa?” Na vidonge usiviache kwa sababu tu unajisikia nafuu.